Pengo Lilikuwa Kidato cha Pili

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, simu yangu haikosi kulia. Mara ni mpwa wangu, mara mtoto wa jirani, mara mtoto wa mtu niliyesoma naye zamani. Swali ni lile lile: "Shangazi, mimi nimesoma HGE, hesabu nina BAM tu. Uchumi chuo kikuu nitauweza?" Huwajibu kwamba watauweza. Kisha huongeza neno ambalo hawalifurahii: shahada ya uchumi inafaulika bila Hisabati ya Juu, ila bila hisabati haifauliki. Hapo hunishukuru haraka haraka na kukata simu. Haya nawaandikia hao waliokata mapema.

Kwa msomaji ambaye hakupitia mfumo wetu, nieleze kidogo. Enzi zangu, mwanafunzi wa Tanzania akiingia kidato cha tano alisoma tahasusi, yaani masomo makuu matatu. Wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na EGM (uchumi, jiografia na hisabati) walikuwa na Hisabati ya Juu ndani ya hayo matatu, na mtihani wa taifa waliufanya kwa karatasi mbili. Sisi wa HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, pamoja na ndugu zetu wa biolojia, PCB na CBG, tulisoma hesabu pembeni, kama somo dogo, karatasi moja. Hiyo ndiyo BAM, yaani Basic Applied Mathematics. Ndani yake kuna kalkulasi, matriki, takwimu, uwezekano na logi, vyote kwa kugusagusa. Si hesabu za kitoto hata kidogo, lakini shuleni kwetu zilichukuliwa kama somo la kujazia cheti. Mwalimu wake alikuwa wa fizikia, na alipopata nafasi ya kutufundisha alikuwa tayari amechoshwa na PCM. Kipindi kilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mwenye kusinzia alisinzia, mwenye kunakili alinakili.

Wala sikuingia HGE kwa sababu nilishindwa hesabu. Kidato cha nne nilipata C, na kwa nchi ambayo kwa miaka mingi watahiniwa wengi hufeli Hisabati kuliko somo lingine lolote, C ilikuwa alama ya kujivunia. Lakini historia na jiografia nilikuwa na B, na watu wazima waliokuwa karibu yangu walikubaliana kwamba msichana mwenye B ya historia hana haja ya kwenda kuhangaika na namba. Nikapangiwa, nikaenda. Kidato cha sita BAM nikapata D, uchumi nikapata C, na chuo kikanipokea kusoma shahada ya uchumi.

Mwaka wa kwanza kulikuwa na kozi ya hisabati kwa wanauchumi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mhadhiri aliandika mlinganyo ubaoni, akasema "kutoka hapa ni wazi kwamba", kisha akaandika jibu. Katikati ya mlinganyo na jibu palikuwa na mistari minne hivi ambayo hakuiandika. Waliotoka EGM waliijaza vichwani mwao huku wakitikisa vichwa. Mimi nilinakili mstari wa kwanza na wa mwisho, nikiamini kwamba usiku hosteli nitaelewa kilichopita katikati. Usiku ulifika, na katikati pakabaki patupu.

Wakati ule niliamini ninachokosa ni Hisabati ya Juu yenyewe: namba changamano, vekta, na zile mada ambazo rafiki zangu wa PCM walizizungumzia bwenini kama watu waliofika nchi ya mbali. Nikaazima madaftari yao, nikakesha nayo. Hayakunisaidia kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya mada hizo haikuwa na kazi yoyote kwenye kozi yetu.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu msaidizi aliyekuwa akiongoza semina. Tulipewa swali la kiwanda kidogo ambacho uzalishaji wake ni 10 mara kipeuo cha pili cha idadi ya wafanyakazi. Kila bidhaa inauzwa shilingi 2,000, na kila mfanyakazi analipwa shilingi 5,000. Kiajiri wangapi? Nilikokotoa nyongeza ya uzalishaji kama tulivyofundishwa kwenye BAM, nikapata 5 mara L yenye kipeo cha nusu hasi. Nikaishia hapo. Nilibaki nikikitazama kile kipeo cha nusu hasi kama mtu anayetazama barua iliyoandikwa kwa lugha ya ukweni.

Baada ya semina nikamfuata.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Lete hiyo karatasi." Akaisoma, akatulia. "Kalkulasi umepata. Tatizo lako liko hapa." Akaweka kalamu juu ya kile kipeo. "Hii ni 5 gawanya kwa kipeuo cha pili cha L. Zidisha kwa bei, unapata 10,000 juu ya kipeuo cha L. Hiyo iwe sawa na 5,000. Kipeuo cha L ni ngapi?"

"Mbili."

"Kwa hiyo wafanyakazi?"

"Wanne."

"Sasa hiyo ni hesabu ya kidato cha ngapi?"

Ilikuwa ya kidato cha pili. Vipeo na vipeuo, logi, milinganyo ya vipeo vya pili: yote hayo tulifundishwa tukiwa na miaka kumi na mitano hivi, tukayapita mbio kwa ajili ya mtihani, na hakuna aliyerudi kutuuliza tena. Akaniambia mambo mawili ambayo nimewarudishia wengi tangu siku ile. La kwanza, nitafute kitabu cha kidato cha pili na nifanye mazoezi yake yote, yakiwemo yale ninayodhani nayajua. La pili, nikiandika hesabu, kila mstari nibadilishe kitu kimoja tu. Wanaoruka mistari, alisema, ni wale walioiandika mara elfu moja kabla.

Nikampigia simu mdogo wangu aliyekuwa sekondari, akanitumia kitabu chake kwa basi. Nilikifunika kwa gazeti. Si rahisi kukaa maktaba ya chuo kikuu, jirani yako kafungua Chiang, wewe umefungua sura ya vipeo ya watoto wa sekondari yenye michoro ya kalamu ya mdogo wako pembezoni. Lakini ndani ya muhula ule ule niliona kitu cha ajabu: mihadhara ilianza kupungua kasi. Mhadhiri hakuwa amebadilika. Mimi ndiye niliyekuwa nimeanza kuijaza ile mistari minne.

Kuhusu Chiang, niseme kidogo. Kitabu cha Alpha Chiang cha hisabati kwa wanauchumi kilitoka mara ya kwanza mwaka 1967, na toleo la nne, la mwaka 2005, aliandika pamoja na Kevin Wainwright. Wengi wetu tulikijua kwa nakala ya fotokopi iliyobaindiwa stesheneri, na bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, likitoka ndipo foleni ya kutoa kopi ilipokuwa ndefu. Uzuri wake ni kwamba Chiang anaandika hatua. Anayemwogopa kwa unene hajui kwamba unene ule ndio huruma yake kwa msomaji. Vitabu vyembamba vya hisabati ndivyo vya kuogopa.

Jioni tulikutana kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege chini ya miti ambavyo mwanafunzi yeyote wa chuo cha kwetu anavijua. Kundi letu lilikuwa mchanganyiko: wawili wa EGM, mmoja wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu), na sisi wa HGE. Tuliandika kwa Kiingereza cha darasani na kubishana kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipojifunza jambo jingine.

Swali lilikuwa hivi. Mtu ana shilingi 12,000. Kilo ya mchele ni shilingi 2,000, kilo ya unga shilingi 1,000. Kuridhika kwake kunapimwa kwa kilo za mchele mara kilo za unga. Anunue vipi? Kijana mmoja wa EGM, mwepesi kuliko sote, alitumia njia ya Lagrange na kumaliza kabla sijaandika mstari wa tatu: mchele kilo 3, unga kilo 6, lamda 0.003. Akafunika kalamu.

"Hii lamda inasema nini?" nikamuuliza.

"Dada, hiyo ni namba ya njiani tu. Usiipe maana."

Sikuridhika. Huko HGE tulizoea kuulizwa "eleza" na "jadili", na namba isiyoelezeka ilinikera. Nikawaomba tumwongezee yule mtu shilingi 1,000 tuone. Kwa shilingi 12,000 kuridhika kwake kulikuwa 3 mara 6, yaani 18. Kwa shilingi 13,000 atanunua kilo 3.25 za mchele na 6.5 za unga, na kuridhika kunafika 21 na kidogo. Kumeongezeka kama 3. Na 0.003 mara 1,000 ni 3. Lamda ilikuwa inatuambia shilingi moja ya ziada ina thamani gani kwa huyo mtu. Yule kijana alitazama karatasi, akacheka, akasema, "Kumbe." Tangu siku hiyo tukagawana kazi: wao walitufundisha kufika kwenye jibu, sisi tuliwauliza jibu linamaanisha nini mpaka wakachoka. Sikumbuki kama swali la lamda lilitoka kwenye mtihani. Nakumbuka kwamba kundi lile halikutoa mtu aliyedisko, yaani kuachishwa chuo kwa kufeli.

Mwaka 2009, tukiwa chuoni, Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Oliver Williamson, na akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Mhadhiri alilitaja kwa dakika chache na kuendelea na somo. Miaka baadaye ndipo niliposoma maisha yake. Alipokuwa sekondari huko Beverly Hills, California, alizuiwa kusoma trigonometria, kwa kuwa msichana asiye na alama za juu kabisa kwenye aljebra na jiometri hakuruhusiwa. Alipoomba kusoma shahada ya uzamivu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, idara ya uchumi ilimkatalia kwa sababu hakuwa na hisabati ya kutosha. Akasoma sayansi ya siasa, akamaliza uzamivu mwaka 1965. Alichotafiti ni jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja bila kuiharibu: mifereji ya umwagiliaji, malisho, misitu, maji ya chini ya ardhi.

Wengi husimulia habari hiyo kama ushahidi kwamba hesabu hazina maana. Hawaimalizii. Ostrom alipoona kwamba nadharia ya michezo ingemsaidia kueleza anachokiona kwa wakulima na wavuvi, alikwenda Ujerumani, Bielefeld, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akajifunza kwa Reinhard Selten, ambaye naye alikuja kupata Nobel mwaka 1994. Alikuwa profesa tayari, mtu wa karibu miaka hamsini. Mlango uliofungwa na shule alikuja kuufungua mwenyewe siku alipouhitaji, na aliufungua kiasi cha haja yake. Mimi hapo ndipo ninapomhusudu kuliko kwenye medali.

Kuna njia ya mkato ambayo wenzetu kadhaa wa BAM waliichagua, nayo ni madesa. Unakusanya pasti pepa za miaka mitano, unakariri umbo la kila swali na jibu lake, unaingia mtihani. Kwa mwaka wa kwanza ilifanya kazi kwa kiasi fulani. Mwaka wa pili mhadhiri mmoja aligeuza swali: badala ya kutupa bei na kuuliza kiasi, alitupa kiasi na kuuliza bei. Orodha ya sapu, yaani ya wanaorudia mtihani, ilibandikwa ukutani, ndefu. Sina zaidi ya kusema kuhusu madesa.

Mwaka wa tatu ikaja ekonometriki, kozi iliyokuwa ikitisha watu tangu siku wanaripoti. Kitabu chake kwetu kilikuwa cha Gujarati. Nilichokutana nacho kilinishangaza: sehemu kubwa ya kozi ilisimama juu ya logi za kidato cha pili. Fomula ya uzalishaji ya Cobb na Douglas, ya mwaka 1928, ni ya kuzidisha na vipeo. Ukiitia logi inakuwa ya kujumlisha, mstari ulionyooka, na vile vipeo vinageuka kuwa namba unazozikadiria: mtaji ukiongezeka kwa asilimia moja, uzalishaji unaongezeka kwa asilimia ngapi. Aliyeelewa kwa nini logi ya zao la kuzidisha ni jumla ya logi alikuwa ameshafika mbali. Kukokotoa kwenyewe kulifanywa na kompyuta, kwa programu ya Stata.

Na huko HGE ilitulipa. Tulipewa zoezi la takwimu za miaka mingi za thamani ya shilingi ya Tanzania dhidi ya dola. Mstari ulikwenda vizuri, halafu katikati ya miaka ya 1980 ukaruka. Baadhi ya wenzetu hodari wa namba walidhani ni kosa la uingizaji wa takwimu na wakataka kuifuta ile miaka. Sisi tuliosoma historia tulijua kilichotokea: vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, ukata uliofuata, kisha mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa na shilingi kushushwa thamani. Ile haikuwa kasoro ya takwimu. Yalikuwa mabadiliko ya sera, na mlinganyo wowote usioyatambua ulikuwa unadanganya. Tuliongeza kigeu cha mwaka 1986 na matokeo yakakaa sawa. Namba haikumbuki vita. Lazima awepo mtu anayekumbuka.

Nilimaliza na daraja la pili la juu. Nimefanya kazi ya takwimu na tathmini ya miradi tangu hapo, na wanaonilipa hawajawahi kuniuliza tahasusi yangu.

Sasa upande wa pili, maana nisingependa mtoto wa mtu aje kunilaumu. Pengo lipo, na kuna mahali halikuzibika. Uthibitisho, yaani kuonyesha kwa hoja kwamba jambo ni kweli daima, mpaka leo unanichosha haraka kuliko unavyomchosha aliyesoma Hisabati ya Juu. Kanuni ya kukadiria mstari wa rigresheni kwa matriki niliikariri nikiwa shahada ya kwanza. Maana yake niliipata nilipolazimika kuisoma upya shahada ya uzamili. Anayefikiria kwenda huko ajue kwamba programu nzito za uzamili wa uchumi Afrika, kama ile ya ushirikiano iliyoanzishwa mwaka 1993 na muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, AERC, wenye makao Nairobi, zina mbinu za kihesabu kama nguzo yake. Hapo hakuna kujificha nyuma ya maelezo mazuri.

Na zipo shahada ambazo sitamdanganya mtu. Uhandisi, fizikia, sayansi ya bima, hisabati yenyewe: kuziingia ukiwa na BAM peke yake ni kujitafutia mateso. Hata hivyo wapo wahandisi wazuri ambao hawakukanyaga kidato cha tano kabisa. Walipita vyuo vya ufundi, wakasoma stashahada, hesabu wakazipata hukohuko karakana ikiwa jirani, kisha wakaingia shahada. Hao nao hawakuikwepa hisabati. Walibadilisha tu mahali pa kuisomea, na nahisi wengine waliielewa kuliko sisi kwa sababu waliiona ikifanya kazi.

Kwa hiyo wewe uliyepata nafasi mwaka huu na moyo unadunda kwa sababu ya BAM, kuanzia sasa mpaka siku ya kuripoti una muda wa kutosha. Usinunue kitabu cha Hisabati ya Juu. Tafuta cha kidato cha pili, fungua vipeo na vipeuo, kisha logi, kisha milinganyo ya vipeo vya pili, na uandike kila mstari. Ukimaliza ndipo urudie kalkulasi ya BAM. Ukifika chuoni, tafuta kimbweta chenye watu wa EGM na usione haya kuuliza. Maswali yako watayahitaji kuliko wanavyodhani.

Na kwenu wahadhiri wa mwaka wa kwanza nina ombi. Ukumbi ule una watoto wa tahasusi sita au saba tofauti, na nyote mnalijua hilo kwa sababu fomu za udahili mmezipitisha wenyewe. Wapeni wiki mbili za mwanzo za aljebra kabla ya kugusa Lagrange. Na ile mistari minne ya katikati, iandikeni ubaoni. Haichukui hata dakika mbili.